Viatu Mlangoni

Mimi ni dereva. Mahekalu nayajua kwa viatu.
Wageni wakishaingia, Kinzang mbele yao
ameinua pindo la kira lisifagie vumbi,
mimi hubaki ngazini na jozi kumi na nne:
buti za mlimani zilizonunuliwa kwa safari hii tu,
raba nyeupe zilizokwisha kujuta,
na za yule mzee wa Busan, ngozi nyeusi,
kamba zimepigwa vifundo viwili viwili
kana kwamba njia yetu ni mwizi.

Ndani siagi inaungua kwenye taa za shaba.
Fungu langu ni harufu.
Na sauti yake, dirishani, miaka kumi na mmoja sasa:
Hapa palikuwa ziwa. Ziwani, zimwi jike.
Lama akaja juu ya upepo, hakuja na upanga,
alimwita kwa jina lake la utotoni,
naye akanywea. Maji yakashuka,
bonde likabaki, shayiri ikaota.
Tazameni umbo lake: mtu aliyelala ubavu.
Wageni hutazama. Huliona.
Hata siku za ukungu huliona.

Kisha tunapanda. Kona nazihesabu kwa goti la kulia.
Bendera za sala zimechanika, upepo umezisoma
mpaka herufi zimekwisha.
Kila kundi halikosi mmoja wa kuuliza:
Ni kweli ninyi watu mna furaha?
Kinzang hucheka. Muulizeni dereva.
Nami huonyesha pilipili juu ya mabati,
nyekundu paa hadi paa:
Mwaka huu zimekauka vizuri.

Kijiji cha Tsholung. Kufuli. Kufuli.
Nyumba yenye moshi. Kufuli.
Gurudumu la sala linazungushwa na kijito,
linagonga kengele yake, ting,
halijali nani yupo.
Mama mmoja anaomba tusimame apige picha
dirisha lililochorwa maua ya buluu.
Nyumba ya nani hii?
Ya familia moja, Kinzang anasema.
Wamekwenda wapi?
Perth.
Naona kwenye kioo changu anavyorekebisha kipaza sauti
ambacho hakikuwa na kasoro.
Maua yale aliyapaka mwanawe. Brashi nilimshikia mimi.

Hekalu la mwisho ni dogo, mlango mfupi,
hata mfalme angeinama.
Naweka viatu safu. Mbwa ananyemelea raba moja,
namkemea, anajifanya alikuwa akipita tu.
Dirishani: Hapa palikuwa ziwa.
Mahekalu yote bondeni humu yana ziwa lile lile.
Ziwani, zimwi jike,
na zimwi alikuwa na mtoto.

Mkono wangu unasita juu ya kiatu.
Hajawahi kuwa na mtoto.

Maji yaliposhuka, mtoto aliyafuata.
Aliyafuata kusini, kusini, mpaka chumvi.
Mama hakuweza. Alikwisha kuwa bonde.

Mtawa mlinzi, Lopen Yonten, ambaye huwasahihisha
waongozaji hata kwa tarehe,
akakohoa mara moja,
akaongeza siagi kwenye taa isiyokuwa na upungufu.

Wanatoka wakipepesa macho juani.
Mzee wa Busan anakaa ngazini kufumua vifundo vyake,
kazi ya robo saa, hataki msaada.
Anatazama bonde. Anasema polepole,
kwa Kiingereza cha kuazima kama changu:
Amekunja mikono. Hukutuambia hilo.
Kama aliyekuwa amebeba kitu.

Kinzang hakujibu. Alihesabu watu, kumi na nne,
akahesabu tena.

Nimekwisha kuwasha gari. Mlangoni imebaki jozi moja,
visigino vimelika upande wa nje.
Tangu mchana nilikuwa nikiisogeza
kila kivuli kilipoifikia,
avae vikiwa na joto.